Papa, Nazi na Mfua Kofia

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza.
Ruwi, ghorofa ya tatu, mlango umeandikwa
MATENGENEZO YA VIYOYOZI,
na ndani humo tunachuruzika jasho, watu watatu:
bwana mkubwa mwenye kikohozi,
kijana wa mitambo,
na mimi, niliyeletwa kutoka Tanga
kwa kuwa mtuhumiwa, akifika kwake,
Kiarabu hukivua mlangoni pamoja na makubadhi.

Mtuhumiwa: Harub bin Sleyum, miaka hamsini na minane,
mfua kofia wa Mutrah, uchochoro wa nyuma ya soko la dhahabu.
Hufua, hutia wanga, huzivika kwenye mabakuli zikauke.
Kosa lake: mtu tuliyekuwa tukimwinda
alimwachia kofia ya vitobo, akayeyuka.
Bwana mkubwa alivihesabu vitobo pichani.
Mia tisa arubaini na kimoja.
"Hii si kofia," alisema. "Hii ni ramani."

Siku ya kwanza, simu. Bibi Thuweiba:
"Papa kashafika. Njoo umkate kabla hajaharibika."
Kiti cha bwana mkubwa kikaanguka.
"Papa ni nani?"
Ni samaki, bwana.
"Samaki anafika?"
Nikajaribu kumweleza kuwa katika ngeli zetu
papa na waziri hukaa benchi moja.
Heri ningenyamaza.

Siku ya tatu: "Nazi zimekwisha. Na mbuzi kang'oka meno."
Neno la kwanza alidhani analijua.
Akapiga simu Ulaya, mara mbili.
Nikamchorea nazi. Nikamchorea mbuzi: kibao, ulimi wa chuma, meno.
Akaikodolea picha, kisha akaandika pembeni:
"Chombo cha mateso."

Nami nilikuwa na njaa. Siku tisa masikioni mwangu
watu wanakaanga, wanaunga, wanaulizana chumvi,
na mimi nala mkate na jibini ya kopo.

Siku ya kumi Harub alisema kwa sauti ya chini:
"Thuweiba, kuna gari jeupe. Watu wawili, hawashuki, hawalali.
Wanga hao."
"Wasomee Ayatul Kursi," alijibu mkewe,
"ukimaliza wapelekee kahawa."
Akawapelekea. Kahawa, na halua kwenye kisahani.
Walipokiona kisahani waligeuza gari
wakaparamia pipa la taka.

Hapo mzaha ukaisha.
Bwana mkubwa alitamka neno moja, taratibu, akifuta miwani,
na neno hilo halikuhitaji mkalimani.
Alhamisi. Baada ya Isha. Uchochoro hauna taa.

Alhamisi alasiri simu ililia. Thuweiba:
"Usichelewe, mume wangu. Leo moyo wangu hautulii."
Wote wawili wakanigeukia.
Nikavua hedifoni, nikajipangusa shingo.
"Anasema," nikasema, "Papa kakimbilia Salala. Na ramani anayo."

Kilomita elfu moja kusini, msimu wa ukungu.
Waliondoka na miavuli.

Nami nikashuka ngazi, nikaenda Mutrah na kofia yangu chafu.
Harub aliipindua, akaipuliza, akainusa.
"Baiza mia tano. Kesho."
Kisha, bila kuinua macho:
"Na yule mwenzenu wa kikohozi, asali na tangawizi hajatumia?
Kila nikishika simu namsikia. Kifua kile kitamuua."

Magoti yaliniisha nguvu. Nikakaa juu ya beseni lililofunikwa.
Rafuni, kwenye bakuli la buluu, ile kofia ya vitobo
ilikuwa imekauka, imesimama wima, haina mwenyewe.
"Na hii je?" nikauliza.
Akatazama mlangoni, kushoto, kulia.
"Hiyo," akasema, "imeshonwa vibaya."

Simu ikalia. Papa kaiva.
"Mje wawili," ilisema sauti niliyoizoea.